Nilibadili Kiti cha Mama kwa Cherehani

Nina umri wa miaka arobaini na tatu. Nina mke na watoto wanne, na kazi yangu ni ufundi wa viti vya magari hapa Ujiji. Nashona viti vya bajaji, vya magari ya abiria, hata makochi ya maboti yanayokwenda vijiji vya mwambao. Kwa kazi hii nimejenga na nimesomesha.

Jina langu nitalificha, ndugu wasomaji. Si kwamba naogopa polisi. Nililofanya halina kesi katika mahakama yoyote... Laiti lingekuwa na kesi! Ningefungwa, ningetoka, ningesema nimemaliza. Hili langu halina kumaliza.

Marehemu baba yangu alikuwa dereva. Kabla mimi sijazaliwa alinunua gari dogo kutoka kwa daktari mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Gari la rangi ya samawati, lenye taa za duara, ambalo mpaka leo vijana wakiliona wanasimama kulipiga picha. Kwa gari hilo baba alibeba abiria kati ya Ujiji na Kigoma kwa miaka mingi, mpaka injini ilipochoka, akaliegesha uani kwake chini ya kibanda cha makuti.

Viti vyake vilikuwa vya ngozi ya bandia, ile ya plastiki, vilivyotoka na gari kiwandani. Vilikuwa vyekundu kwa weusi, kama chikichi lililoiva. Baba hakukubali vibadilishwe hata siku moja. Unajua kwa nini?

Mama yangu, Bi Tatu, alikuwa akiuza dagaa na samaki wa migebuka pale mwaloni Katonga, ufukweni maboti yanaposhusha samaki. Kila siku mchana baba alikwenda kumchukua. Mama alikaa mbele, kushoto, na beseni lake miguuni. Siku moja ukingo wa beseni ulichana kile kiti. Mama aliona aibu. Akatafuta uzi wa nyavu, akakishona yeye mwenyewe kwa sindano kubwa, mishono mikubwamikubwa ya mtu asiye fundi. Mimi nilipokuja kujifunza ufundi nilimwambia baba niifumue ile mishono niishone vizuri. Baba aliniangalia kama nimemtukana.

Mama alifariki miaka tisa iliyopita. Baba hakulia mbele za watu. Lakini tangu wakati huo, kila siku baada ya swala ya alasiri, alikwenda uani akafungua mlango wa gari, akakaa nyuma ya usukani, akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kile kiti cha pembeni. Anakaa hapo mpaka jua lipoe. Sisi watoto tulimwacha. Kila mtu ana namna yake ya kufiwa.

Kisha ukaja ugonjwa wa kusahau.

Alianza na majina ya wajukuu. Halafu akasahau njia ya msikiti aliokuwa akiswalia tangu ujana wake. Akawa anauliza chakula wakati sahani bado iko mbele yake. Mwisho akaanza kutusahau sisi, watoto aliowazaa. Mdogo wangu wa kike, Mwamini, ambaye ni mwalimu, alihamia kwake na mwanawe ili amtunze. Usiku na mchana yeye ndiye alikuwa anamuogesha, anamlisha, anamrudisha ndani. Mimi nilikuwa napita na kilo ya sukari na kuondoka.

Lakini ndani ya gari, ndugu zangu... ndani ya gari baba alikuwa mzima! Akikaa pale na mkono ukiwa kwenye kiti, maneno yalimrudi. Alizungumza na mama kana kwamba yuko. "Tatu, leo migebuka ipo?" Ukisogea dirishani anakutambua. Ananiita kwa jina langu. Ananiuliza mke wangu hajambo, ananikumbusha niliwahi kuanguka kwenye mwembe nikiwa darasa la pili. Akishatoka tu garini, ukungu unarudi.

Daktari wa hospitali alimwambia Mwamini kwamba wagonjwa wa namna hiyo huwa na kitu kimoja wanachokishika, na tusikiondoe. Mwamini aliniambia maneno hayo. Nayasema ili mjue kwamba sikukosa kwa kutojua.

Ikafika mwaka juzi. Viti vilikuwa vimepauka kabisa. Jua la miaka yote lilikuwa limevifanya vya rangi ya waridi chafu, vikakauka, vikaanza kupasuka na kumkwaruza baba mapajani. Siku moja nilipofika akaniita dirishani. Alikuwa amekunja uso.

"Mwana wanje," aliniambia, yaani mwanangu kwa Kiha, na huwa anasema hivyo akiwa na jambo zito, "mama yako amelalamika. Kiti kimechakaa. Wewe si fundi? Kirudishe. Usikibadilishe, kirudishe rangi yake ileile."

Nikamwambia, "Nitakirudisha, baba."

"Niahidi."

Nikaahidi. Nikashika mkono wake, nikaahidi!

Wengi hawajui tofauti ya kubadilisha na kurudisha. Kubadilisha ni kazi ya siku mbili. Unachana ngozi ya zamani, unatupa, unashona mpya. Kurudisha ni kazi ya subira. Nilivitoa viti vyote nikavipeleka bandani kwangu, na kila alasiri Mwamini akawa anamtuliza baba kwamba kiti kinakuja. Nilianza kuviosha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini, maji yakitoka meusi kama kahawa. Niliziba mipasuko mmoja mmoja, nikasugua kwa msasa mwembamba kabisa. Rangi ya asili niliipata kwenye pindo la chini ya kiti cha nyuma, mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Nilikaa siku nne nachanganya rangi, naipaka kwenye kipande, naiacha ikauke, nailinganisha na lile pindo. Haikufanana. Nachanganya tena. Siku ya tano ikafanana! Nikaipuliza nyepesinyepesi, safu juu ya safu, nikikausha kivulini. Ile mishono ya mama sikuigusa. Niliipaka rangi kwa brashi ndogo, uzi kwa uzi.

Nilipomaliza nilikaa kwenye kigoda nikaviangalia. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na sidhani kama nitaifanya tena. Laiti ningevirudisha siku ileile...

Siku iliyofuata alikuja mteja kushonesha mfuniko wa usukani. Ni mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Kigoma kutoka Tabora. Nimwite Bwana Raymond, si jina lake. Alipoviona vile viti aliacha hata kunisalimia. Akapiga magoti. Akavipapasa.

Kumbe kwao Tabora alikuwa na gari la aina ileile, alilorithi kwa mjomba wake, analifufua polepole. Viti vya mbele vilikuwa vimeliwa na panya. Alikuwa ametafuta viti vya asili kila mahali bila kuvipata. Akaniomba nimpe viwili vya mbele. Nikamwambia si vyangu, ni vya mzee wangu, mgonjwa wa kusahau.

Akaondoka. Kesho yake akarudi. Safari hii alinionyesha picha kwenye simu. Cherehani ya kushonea ngozi nzito, mpya, ya umeme. Ndugu yake alikuwa ameiagiza, kazi ikamshinda, ilikuwa imekaa tu.

Nieleze nini ili mnielewe? Cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, ya kushonea nguo. Kwenye ngozi nene ilikuwa inaruka mishono na kuvunja sindano. Mafundi wa mjini walikuwa wananicheka, na wateja wakubwa walinikimbia. Cherehani ile nilikuwa naiota!

"Mzee anasumbuliwa na kusahau, si ndiyo?" Bwana Raymond aliniuliza kwa upole. "Basi mwekee vingine vya rangi hiyohiyo. Atajuaje?"

Atajuaje... Simlaumu yeye. Neno lile alilitamka yeye, lakini lilikuwa tayari limo moyoni mwangu, linasubiri mtu wa kulitamka.

Nikampa.

Nilitafuta viti viwili kwenye gari bovu, nikavikata vyuma vikae sawa, nikavivalisha ngozi mpya nyekundu. Nilijitahidi vifanane. Nilidiriki hata kuchana kile cha kushoto na kukishona kwa uzi wa nyavu, nikiiga mishono ya mama yangu mzazi! Mpaka leo mikono yangu inanitia kinyaa nikikumbuka jambo lile.

Mwamini nilimdanganya kwamba kazi imechelewa kwa sababu ya rangi. Nilipovifunga, alivibonyeza akauliza mbona vimekuwa laini hivi. Nikamjibu ni sponji mpya. Akanishukuru. Akasema, "Kaka, Mungu akulipe." Nikaitikia amina!

Alasiri baba akaja kwa fimbo yake. Alifungua mlango akitabasamu. Akakaa. Akapeleka mkono wa kushoto kwenye kiti, kama siku zote.

Mkono ukasimama.

Alipapasa taratibu. Akaishika ile mishono yangu, akaifuata kwa kidole. Akainama akanusa. Kisha akageuka akaniangalia, nami nikaona hofu ya mtoto mdogo aliyepotea sokoni.

"Tatu amekwenda wapi?"

Nikamwambia, "Baba, kiti ndicho hicho, nimekirudisha kama ulivyosema."

"Tatu amekwenda wapi?" alirudia, sauti ikipanda. "Nani amemshusha?"

Akatoka garini. Hakuingia tena siku hiyo. Wala kesho yake. Nilimwambia Mwamini atazoea. Nilijiambia hivyohivyo na mimi, kisha nikaenda bandani kushona kwa cherehani yangu mpya. Ilishona vizuri mno.

Siku ya tatu Mwamini alikuwa shuleni, mwanawe kaenda dukani. Baba akatoka. Kwa miguu yake ile, na jua lile, alitembea kutoka Ujiji mpaka Katonga kumchukua mama mwaloni. Sijui aliipataje njia, yeye ambaye msikiti wa jirani ulikuwa unampotea! Akina mama wauza dagaa wanasema alifika akiwa amelowa jasho, akawa anawauliza mmoja mmoja kama Tatu ameshauza. Wakongwe waliomjua mama wakaanza kulia. Dada mmoja mgeni, bila kujua, akamjibu kwamba ameshaondoka. Baba akageuka haraka ili amuwahi. Akateleza kwenye mawe yaliyolowa.

Alivunjika nyonga.

Nilipofika hospitali Mwamini alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda. Baba alikuwa amelala, macho kwenye dari. Mwamini hakuinua kichwa. Aliuliza swali moja tu.

"Kaka, vile viti ni vyenyewe?"

Ningeweza kudanganya tena. Ulimi ulikuwa tayari! Lakini nilimwona baba pale, nikashindwa. Nikamweleza yote, cherehani, Bwana Raymond, mishono ya kuiga.

Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alisema polepole, "Mimi namwogesha baba kila siku. Sijawahi kukuomba uje unisaidie. Nilikuomba kiti tu kisiondoke." Halafu akainuka akatoka, akaniacha na mgonjwa.

Kumbe alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Raymond. Alimkuta na wageni. Mwamini, mwalimu anayeheshimika, alipiga magoti mbele za watu wale akamwomba kiti cha mama yake. Bwana Raymond hakujua lolote kuhusu yale maneno ya daktari. Mimi sikumwambia. Baadaye aliniita, na nilimkuta mtu aliyefadhaika kweli. "Fundi, ungenieleza," aliniambia. "Mimi nilitaka viti. Sikutaka kumnyang'anya mtu mkewe."

Viti vilikuwa vimeshapelekwa Tabora, na vimeshafungwa kwenye gari lake. Aliagiza vifunguliwe. Lakini ilikuwa masika, njia mbovu, mara mzigo umekosa nafasi, mara fundi wa huko kasafiri. Wiki ikapita, ikapita nyingine. Ilifika wiki ya sita! Kila siku nilikuwa nakwenda stendi kuuliza. Makondakta wakanizoea, wakawa wananitikisia kichwa kwa mbali kabla sijafika.

Muda huo baba alikuwa amerudishwa nyumbani, hawezi kusimama. Wiki za mwanzo alikuwa anamwita mama. Anaita asubuhi, anaita mchana. Tukimwambia viti vinakuja, haelewi. Kisha akawa anaita mara mojamoja. Kisha siku moja Mwamini aliniambia, "Leo hajaita." Nilidhani ametulia. Nilifurahi, mjinga mimi!

Hatimaye viti vikaja, vimefungwa kwenye nailoni na mablanketi. Bwana Raymond alikuwa ameagiza vitunzwe, havikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nilimrudishia cherehani yake asubuhi ileile. Nikavifunga viti garini. Rangi ileile. Mishono ya mama ileile. Nikaufungua mlango, harufu ya zamani ikanipiga, nikalia hadharani.

Tulimbeba baba, mimi na mume wa jirani, tukamkalisha kwenye kiti chake. Alikuwa mwepesi kama mtoto. Mwamini alisimama upande wa pili, amejishika mdomo. Niliuchukua mkono wa kushoto wa baba mimi mwenyewe, nikauweka juu ya kiti cha mama, juu ya mishono.

Tukangoja.

Baba alipapasa kidogo. Akatazama kushoto, akatazama usukani. Akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, hauna hofu, hauna huzuni, hauna chochote.

"Kazi nzuri, fundi," aliniambia kwa adabu, kama anavyosemeshwa mtu baki. "Kiti kimependeza. Gari la nani hili?"

Mwamini alianguka chini akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia hata siku tuliyomzika mama.

Nilimrudisha garini kesho yake, na kesho kutwa, wiki nzima. Nilimwimbia nyimbo alizokuwa anaimba akiendesha. Nilimwomba mke wangu alete beseni la dagaa tukaliweka pale miguuni. Wapi! Mlango aliokuwa anaupita kutufikia ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga ni mimi. Baba aliishi miezi mitano zaidi. Hakulitaja tena jina la mama. Jina langu pia hakulitaja tena. Alifariki mchana mmoja, Mwamini akiwa amemshika mkono, na neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama huyo aliyemshika ni muuguzi.

Mwamini hajanifukuza. Nikienda ananikaribisha, ananipa maji, ananiuliza watoto hawajambo. Lakini haniiti tena kaka. Ananiita Baba Fulani, kwa jina la mwanangu wa kwanza, kama majirani wanavyoniita. Wazee wa ukoo walituweka kikao, wakanihukumu kumwomba radhi, nikamwomba. Akasema amesamehe. Naamini amesamehe. Ila kuna kitu ambacho kusamehe hakukirudishi, hata ukiwa fundi wa namna gani.

Wateja wananiuliza kwa nini siku hizi sipokei kazi ya kurudisha viti vya zamani, na wengine wanakuja kutoka mbali. Nawaambia macho yangu hayaoni rangi vizuri. Huo nao ni uongo... Mungu anisamehe.

Ndugu msomaji, nimeandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Katika nyumba nyingi yupo mzee aliyekaa kibarazani, amesahau siku, amesahau majina, na sisi watoto tunazungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Tunagawana vitu vyake angali hai. Tunatupa koti lake, tunauza redio yake, tunahamisha kitanda chake, na tukiulizwa tunajibu, "Atajuaje?"

Anajua! Hawezi kukueleza, lakini anajua. Nakusihi, kama mzazi wako amefika huko, usiguse kitu chake bila kumuuliza yule anayemtunza kila siku. Na wewe uliye mbali, unayepita na kilo ya sukari na kuondoka, leo usiondoke haraka. Vua viatu, kaa naye. Kama bado anakuita kwa jina lako, basi itika...